Bodi Tuliyomnunulia Mwalimu Wanjala

Mwanangu, ile picha uliyonitumia jana imenirudisha mbali. Bodi nyeusi, taa za zambarau zinazunguka ukingoni kama za ukumbi wa harusi, na chini yake umeandika, "Aunty sasa, cheki hii. Nichukue ya kurekodia?" Sikukujibu kwa sababu jibu langu ni refu na vidole vyangu havielewani na simu. Leo nimekaa kwenye kompyuta, nimejitilia chai, na nitakujibu kama watu wa rika langu wanavyojibu, yaani kwa kuzunguka kidogo. Vumilia.

Kuna asubuhi moja ambayo hunijia kila nikiona bodi ya kompyuta. Nilikuwa nimesimama katika duka dogo la vifaa kule mjini, upande wa barabara ya Luthuli, mbele ya meza ya kioo. Juu ya meza palikuwa na bodi mpya, bado iko ndani ya mfuko wake wa plastiki. Bodi unaijua: ile sahani kubwa ambayo prosesa, memori na kila kadi huchomekwa juu yake, mafundi huiita madabodi. Ile ilikuwa na kasi kuliko zote zilizokuwa dukani siku hiyo. Nilikuwa nimeshaamua. Nilichokuwa nikingoja ni mwenye duka, Njoroge, amalize kuzungumza na mteja mwingine.

Kando yangu alisimama Mwalimu Wanjala. Hakuwa mwalimu wa shule. Siku za kazi alikata sponji za magodoro katika kiwanda kimoja kule Industrial Area, na Jumapili alifundisha kwaya ya kanisa letu hapa mtaani Mowlem, kwaya ya watu wa kwetu magharibi waliokuja Nairobi kutafuta kazi. Sauti yake ilipoanza wimbo, hata watoto waliokuwa wakikimbizana nje walikuja kuchungulia mlangoni. Mwezi ule daktari alikuwa amemkuta na uvimbe kooni. Ulipaswa kukatwa, na daktari hakumficha: angepona, lakini sauti ya kuimba huenda isirudi.

Basi kwaya iliamua kumrekodi kabla ya operesheni. Studio za mitaa yetu wakati huo zilitoza kwa saa, na kwaya ya watu wengi humaliza saa nzima kabla haijakubaliana nani asimame wapi. Mimi nilikuwa nimesomea kompyuta, nilikuwa nikitengeneza mashine kwenye saiba moja, duka la intaneti, mtaani Umoja, na mambo ya kurekodi nilikuwa nimefunzwa na Odush, kijana wa Dandora aliyetengeneza biti, midundo ya muziki, chumbani kwake. Nikawaambia wanakwaya nitawaundia kompyuta yao wenyewe. Walichanga, wakaniamini. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na ushee, na nilijiona nimefika.

Odush alikuwa amenifundisha njia moja, nami nikadhani ndiyo njia pekee. Mtu mmoja, maiki moja. Anaimba, unahifadhi. Wa pili anavaa hedifoni, anamsikiliza wa kwanza, anaimba juu yake. Unapanga sauti moja juu ya nyingine kama chapati kwenye sahani mpaka wimbo unajaa. Kwa kazi hiyo unahitaji bodi yenye kasi na memori nyingi, maana mashine hubeba tabaka zote kwa pamoja. Tundu la kuingizia sauti, hata likiwa moja, linatosha.

Mwalimu aliinama juu ya ile bodi, mikono ameiweka mgongoni kama anayeogopa kuvunja kitu.

"Nekesa," akaniuliza, "sauti zetu zinaingilia wapi?"

Nikamwonyesha kitundu kidogo cha rangi ya waridi pembeni.

"Sisi sote?"

"Hapana, Mwalimu. Mmoja mmoja. Utaanza wewe peke yako, halafu wengine watakusikiliza na kuitikia."

"Nikianza, nitajuaje kwamba wameitikia?"

"Hutajua. Mimi nitaunganisha baadaye."

Alinyooka. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Kwa hivyo unataka nimwite mtu ambaye hayuko. Umeuliza mashine ina mbio gani, binti yangu. Hukutuuliza sisi tunaimbaje."

Nilikasirika, sitakuficha. Nilitaka kumwambia kwamba nyingi ya nyimbo anazosikia redioni zinatengenezwa hivyo, na ningekuwa nimesema kweli. Lakini nilikuwa nimeimba alto kwenye kwaya ile tangu nikiwa na soksi nyeupe, na nilijua alichokuwa akisema. Katika nyimbo zetu anayeanzisha huita mstari, kisha husikiliza. Mwitikio ukija na joto, anaendelea. Ukija baridi, anaurudia mstari uleule, anawageukia besi, anawaita tena, hata mara ya tatu, mpaka waamke. Hakuna Jumapili ambayo wimbo mmoja ulikuwa na urefu wa Jumapili iliyotangulia. Ungemrekodi vipi peke yake, wakati hata yeye mwenyewe hajui atauita mstari mara ngapi?

Njoroge alipokuja nilimwambia arudishe ile bodi kwenye rafu. Nikamuuliza kama ana yoyote yenye matundu marefu meupe, yale ya kuchomeka kadi, maana nilikuwa nimesikia kuna kadi za sauti zinazopokea maiki nane kwa mpigo. Alikwaruza kidevu. Akaingia nyuma, akatoka na bodi ya kijani iliyofifia, iliyotumika, na baada ya kupiga simu mbili tatu akapata kadi yenyewe, iliyotoka katika studio fulani iliyokuwa imefungwa. Kabla sijafungua mdomo Mwalimu alikuwa ameshainama tena, akihesabu matundu kwa kidole.

"Sasa hii," akasema, "hii ina milango."

Nilipoipeleka kwa Odush anisaidie kuifunga, alicheka mpaka akakaa chini. "Nekesa, hii ni ya kitambo bana! Ukiweka biti mbili tatu hivi inalala." Na alikuwa na haki, mwanangu. Usidhani nakwambia kwamba bodi ya zamani ni bora. Ile ilikuwa dhaifu. Haingeweza kubeba tabaka nyingi, wala kunisaidia kurekebisha kitu baadaye. Mmoja akikosea, wote wangerudia, na Mwalimu hakuwa na koo la kurudia. Alikuwa na koo la kuimba wimbo mara mbili, labda tatu, kisha anakwama. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi.

Mara ya kwanza kuiwasha tukajaribu maiki. Sauti ilikuja, na ndani yake kitu kinatatarika kama mafuta yaliyoingiwa na maji. Kila nikisogeza mausi, inatatarika zaidi. Odush akanitazama, mimi nikatazama ukuta. Ilinichukua muda kuelewa kwamba nilikuwa nimechomeka kadi ya sauti jirani na kadi ya skrini, na kwenye bodi ile matundu hayo mawili yalitumia njia moja. Yaligombania njia hiyo kama wapangaji wa ploti wanavyogombania kamba ya kuanikia nguo. Nikaihamishia kadi ya sauti kwenye tundu la mwisho kabisa. Nikaingia kwenye mipangilio ya bodi, nikazima kila kitu ambacho hatukukihitaji, pamoja na ile kadi ndogo ya sauti ambayo bodi ilizaliwa nayo. Tukajaribu tena na mtatariko ukawa umeisha. Odush hakucheka tena, akaniazima maiki zake zote.

Tulirekodi Jumamosi asubuhi katika darasa la nasari nyuma ya kanisa. Mwalimu alikuwa ameomba vipande vya sponji kazini, tukaviegemeza ukutani ili sauti isirukeruke. Kompyuta yenyewe niliiweka nje kwenye kibaraza, chini ya mwavuli, nyaya zikapita dirishani, kwa sababu feni yake ilikoroma. Bado kulikuwa na fundi wa kuchomelea mageti upande wa pili wa ua. Mama Tabitha, mke wa Mwalimu, ambaye alikuwa kiongozi wetu wa alto, alivuka akaenda kuzungumza naye. Sijui alimwambia nini. Yule fundi alizima mashine yake, akaja akakaa kwenye jiwe karibu na mlango, kofia mapajani.

Mara ya kwanza Barasa wa sauti ya tenor aliingia mapema, wimbo ukavunjika. Hakuna aliyemlaumu, lakini sote tulimwangalia Mwalimu akimeza mate kwa shida. Alikunywa maji ya moto, akasema, "Twende."

Mara ya pili alianza vizuri. Alianza vizuri sana, nywele zilinisimama. Aliita, tukaitikia, aliwageukia besi akawaita mara ya pili na wakaja kama ukuta. Mimi nilikuwa dirishani, mkono nimeutoa nje juu ya kompyuta, naimba na kuangalia vitaa vya maiki kwenye skrini vikipanda na kushuka. Kisha, ubeti wa mwisho, akafungua mdomo kuita mstari na hakuna kilichotoka. Pumzi tu. Alishika koo.

Na kabla sijaelewa, Mama Tabitha alikuwa ameuchukua mstari. Hakupangiwa. Hakumtazama mtu mwingine ila mumewe. Aliuimba mpaka katikati, taratibu, kama mtu anayemngoja mwenzake avuke barabara, na Mwalimu akapata sauti, nyembamba, yenye mkwaruzo, akaingia pale alipoachiwa. Wakaumalizia pamoja. Kwaya yote ikaitikia huku nusu yetu tunalia. Nililia na mimi. Mkono wangu haukugusa kitufe cha kusimamisha.

Hakukuwa na mara ya tatu. Koo lilikataa.

Operesheni ilikwenda salama, mwanangu. Mwalimu alirudi nyumbani, akarudi hata kazini, lakini daktari alikuwa amesema kweli. Kilichobaki ni mnong'ono. Wiki chache baadaye alikuja na mkewe tukakaa watatu mbele ya ile kompyuta dhaifu, nikawachezea wimbo. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Nilifikiri atataka kusikia sauti yake ilipokuwa na nguvu, mwanzoni kule. Aliupita mwanzo bila kusogea. Wimbo ulipofika pale sauti ilipokatika, alinyanyua kidole.

"Hapo," akanong'ona. "Hapo ndipo aliponishika." Akaniomba nirudishe. Nikarudisha. Akaniomba tena.

Mama Tabitha alijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Kwenye ile bodi mpya, mwanangu, mahali pale pangekuwa kimya. Mwalimu angekuwa amesimama peke yake na hedifoni masikioni, mkewe yuko kwenye benchi nje akingoja zamu yake, nami ningefuta na kumwambia tujaribu tena kesho.

Sasa nikujibu. Siku hizi yale matundu meupe hutayaona, na kadi za sauti zimehamia nje, zimekuwa visanduku vya kuchomeka kwa USB. Lakini swali ni lilelile. Hujaniambia nani ataimba. Kama ni wewe na biti zako, mtu mmoja na maiki moja, bodi yako ya harusi itakufaa, ninunulie na mimi. Taa zake zizime tu, hazirekodi kitu. Kama ni watu wengi wanaoimba wakitazamana, anza na kisanduku. Kitafute chenye milango ya kuwatosha wote, ndipo utafute bodi itakayokipokea bila kutatarika. Uliza waliokwisha kuvitumia viwili hivyo pamoja, usimsikilize muuzaji peke yake. Angalia nyuma ya bodi kuna matundu mangapi ya USB, maana kibodi na mausi nazo zitataka pa kukaa, na kisanduku chako ukipe tundu la kwenye bodi yenyewe, si la kugawana na vingine. Hakikisha bodi inakuruhusu kuzima usichohitaji. Na feni, mwanangu, feni iwe ya kimya, kwa sababu huna kibaraza.

Kabla ya hayo yote, kama ni kwaya, Jumapili nenda ukakae nyuma uwaangalie hao watu wako wanavyoimba. Angalia nani anamtazama nani. Ukirudi, niandikie ulichoona, halafu tutachagua bodi pamoja, hata kwa hiyo simu.

Mungu aitulize mikono yako siku ya kuchomeka prosesa. Akupe watu wa kukuuliza maswali dukani kabla hujalipa, na akupe moyo wa kutowakasirikia zaidi ya dakika moja. Na yeyote atakayeishiwa na sauti mbele ya maiki zako, Mungu amjalie mtu karibu wa kumshika, na wewe akujalie usiguse kitufe.