Dungu Aliloteremka Mama

Mpunga ukianza kutia maziwa, bonde zima la Ngorongo hunukia utamu, na watu hufurahi. Mimi hunichefua. Harufu hiyo hunirudisha kwenye dungu letu, kibanda cha juu ya nguzo tulimokuwa tukiamia ndege wasile mpunga, mwaka ule wa vita vya Maji Maji, nikiwa na miaka sita. Nyumba yetu ya kijijini askari wa Mdachi walikuwa wameitia moto, kwa hiyo dungu ndilo lilikuwa kwetu: tulipika humo, tulilala humo, na humo humo, asubuhi moja, baba alimwambia mama kwamba amemwacha, talaka moja. Alimaliza uji wake kwanza. Kisha akashuka ngazi, akaenda zake kwa shangazi, dada yake, upande wa pili wa shamba.

Mama hakulia mbele yangu. Alijua jambo moja la sheria, alilofundishwa na bibi: mwanamke akiachwa hukaa eda katika nyumba ya mumewe, na muda wote huo mume humlisha, lakini mke akihama kwa hiari yake, amejipotezea haki hiyo. Basi akaapa kwamba, ukiacha kuteka maji, halihami dungu lile mpaka eda iishe na mpunga uvunwe, kwani nusu ya mpunga ule ni jasho lake. Nami, alisema, nitaondoka naye. Baba alileta mchele mara ya kwanza, mara ya pili akaleta nusu yake, halafu akajisahaulisha. Tulikula mchicha pori na kambale wa dimbwini, na mama akazidi kufukuza ndege.

Eda ilikuwa imebaki mwezi tu bunduki ziliposikika upande wa mtoni. Mama aliniambia nitulie, zitapita. Sikutulia. Nilimng'ang'ania shingoni nikilia tushuke, tushuke, mpaka nikajikojolea. Aliitazama ile ngazi kwa muda mrefu. Kisha akanibeba mgongoni, tukateremka, tukajificha vichakani siku tatu. Tuliporudi, baba na shangazi walikuwa wameshakaa juu, wanapepeta mpunga mpya.

Akaitwa mwalimu wa chuo cha Kurani aamue. Tulikaa mkekani chini ya dungu, na mwalimu hakuwa na maneno mengi.

"Binti Saidi, uliteremka mwenyewe au uliteremshwa?"

"Niliteremka mwenyewe, mwalimu."

Mama wa watu, mkweli kupita kiasi! Hakuna aliyemwuliza kwa nini. Baba naye alizikimbia bunduki zile zile, tena mbali kuliko sisi, lakini yeye hakuulizwa kitu. Nilifungua mdomo niseme. Shangazi akanifinya paja, nikanyamaza. Chakula cha eda kikakatwa, mpunga wote ukawa wa baba, nami nikabaki kwa shangazi. Mama akaenda kwa kaka yake, kijiji cha Mtunda, peke yake, na kibuyu chake cha maji.

Miaka mingi baadaye, nilipoachwa mimi, nilimweleza kadhi kisa hiki. Alinishangaa. Mwanamke anayehofia roho yake anaruhusiwa kutoka, alisema, na chakula chake cha eda kiko pale pale. Alicholima kina fungu lake. Na mtoto mdogo hukaa na mama yake. Hilo halihusiani kabisa na nani kashuka ngazi. Kumbe haki zote hizo alikuwa nazo! Wakati huo mama alikuwa ameshazikwa Mtunda, na katika maisha yake hakuniuliza hata siku moja kwa nini nilinyamaza. Hasira ya jambo hili sijaimaliza, na sitafuti kuimaliza.

Siku hizi Kibiti kuna mahakama, na talaka ina karatasi yenye muhuri. Swali lakini ni lile lile. Juzi nilimsindikiza binti wa jirani, aliyemkimbia mume kwa kipigo. Karani alimwuliza kama alitoka mwenyewe nyumbani kwa mumewe. Akajibu ndiyo, akainamisha kichwa, na kalamu ikaanza kuandika. Nikainuka kwenye benchi, kizee ambaye hakuulizwa.

"Andika na sababu," nikamwambia.

Karani alinitazama, kisha akamgeukia binti na kumwuliza sababu. Maneno yangu yalikuwa matatu tu. Hata mtoto wa miaka sita angeyaweza.