Makala ya Mabaki

Mama Gloire alitaka kuhamia kwenye boila kabla theluji haijaanza. Hilo tu. Miaka yote alikuwa akisimama uani, kwenye kiwanda karibu na mtaa wa Riverside, akichambua marobota ya karatasi kuukuu huku upepo wa mto Niagara ukimpenya hadi begani. Bega lilikuwa limeanza kukataa kazi.

Kiwanda hufanya karatasi zilizotupwa ziwe maboksi tena. Nyuzi zilizochoka, zisizoweza kushikana, hubaki tope la kijivu. Zamani tope hilo lilizikwa dampo. Kisha wenye kiwanda, watu wa Ulaya, wakaleta desturi ya kwao: hukamuliwa, hukaushwa, huchomwa kwenye boila, tanuri la kuchemshia maji, na mvuke wake hukausha karatasi mpya. Karatasi iliyoshindwa kuwa karatasi huipasha nyingine joto.

Angelika, fundi mkuu kutoka Ujerumani, alikuwa akitafuta mtu wa kumfundisha boila. Kiingereza cha Mama Gloire kilikuwa kidogo, akamwomba Remigius, Mtanzania wa zamu yake, amsemee.

“Bon, umwambie kule Bukavu nilikuwa natengenezaka makala na mabaki ya karatasi. Mtaa muzima walikuwa wananunuaka.”

Remigius alimtazama kwa heshima mpya. Alimweleza Angelika kwamba mama huyu alikuwa mwandishi. Hata karatasi za kuokota zilimtosha, na mtaa mzima ulimsoma. Angelika alifurahi. Ofisi ilihitaji mtu wa kuandika jarida la wafanyakazi. Boila angepewa mwingine.

Remigius akaja mbio na habari. “Hongera, mama. Utakaa ofisini, kwenye kiti cha kuzunguka.”

“Kiti? Makala nitachomea kwenye kiti?”

“Unachoma maandishi yako?”

“Maandishi gani, kaka? Makala. Ya kupikia sombe.”

Remigius alishika kichwa. “Kwetu hayo ni makaa, mama. Makala ni ya gazetini.”

“Donc umenifanya mwandishi,” Mama Gloire alisema, akacheka, kisha kicheko kikakatika. Jina la huyo mwingine lingetangazwa mwisho wa zamu.

Hakungoja. Alipita kwenye lundo la tope lililokamuliwa, akachota, akalifinya kwa viganja vyote viwili mpaka likawa donge, akaliweka juu ya meza ya Angelika. Remigius, uso ukimwaka kwa aibu, alitafsiri upya. Angelika alilivunja donge, akalinusa, akauliza kule Bukavu alikuwa akijuaje kwamba donge limekauka.

“Likivunjika na halitoki jasho.”

Angelika alisema hapa wana mashine ya kupima unyevu, na hiyo angejifunza. Boila nayo ina hatari zake, angejifunza na hizo. Kisha akaandika jina la Mama Gloire kwenye nafasi ya boila.

Jumatatu Angelika alimwonyesha geji ya kupimia mvuke, akamwachia valvu aifungue mwenyewe, taratibu. Upande wa pili wa ukuta karatasi mpya ilianza kupita, kavu, nyeupe kidogo. Mama Gloire alivua koti. Baadaye akavua na sweta.