Siku mama alipomsifu dada yangu mbele ya afisa, akakosa vyuma vya miguu

Wakuu, salamu kutoka Kitale. Wiki ijayo sijui nitakuwa wapi, mnanijua. Haya yalipita nyumbani kwetu Uthiru, mwanzoni mwa miaka ya sabini, na nilikuwepo.

Juzi member mmoja aliuliza: huyu support coordinator wa watu wenye ulemavu ni wa nini, na ofisi si zipo? Acha nijibu kwa tulichopitia.

Dada yangu Nafula alipata polio akiwa mdogo, kabla hatujahama Bungoma. Miguu ikanyauka. Alitambaa, mikononi amevaa akala, vile viatu vya tairi, magoti yakiburuta kwenye changarawe. Msichana mkubwa tayari, mdomo mkali.

Mama alifua nguo kwa watu Lavington. Mimi nilikata nyasi na ua huko huko. Lavington ya wakati ule ilikuwa kimya hadi unasikia mkasi wako mwenyewe. Bado naukumbuka ukimya ule.

Kanisani tukaambiwa kuna karakana mjini inayotengeneza vyuma vya miguu. Ukivivaa unasimama kwa magongo, magoti yanapumzika, na unaweza kupelekwa shule ya ushonaji.

Karakana ikasema nendeni hospitali. Hospitali ikasema vyuma hupitishwa na watu wa ustawi wa jamii. Ustawi wakasema turudi kwa daktari kwanza. Watu wapole kila mahali, lakini hakuna ofisi iliyojua nyingine inataka nini.

Nilimbeba Nafula mgongoni kati ya milango hiyo hadi askari wa getini wakatuzoea.

"Punda amefika," mmoja alipenda kusema.

"Afadhali punda, yeye huenda mahali," Nafula akamjibu kutoka mgongoni kwangu. "Wewe umesimama hapo tangu Mzungu aondoke."

Mwishowe afisa wa ustawi akatuita. Vyuma vilivyobaki vilikuwa vya mtu mmoja, na alitaka kuona ni nani anayevihitaji zaidi.

Sasa sikilizeni mama alivyojitayarisha. Aliazima gauni refu la kufunika miguu. Akampaka Nafula mafuta, akamsuka. Zile akala akaziacha nyumbani.

"Hutatambaa mbele ya watu wa serikali," alisema. "Hatuendi kuomba kama watu wasio na kwao."

Nikamketisha kwenye kiti kabla afisa hajaingia. Akaingia, akatusalimu vizuri, akaanza.

"Binti anaweza kupika?"

"Anapika vizuri sana, bwana," mama akasema.

Kweli alipika, mkimletea maji, makaa na sufuria pale alipoketi.

"Kuoga je?"

"Ni msafi. Uliza jirani yeyote."

"Hapo nyumbani anawasumbua?"

"Huyu? Hajawahi kunisumbua hata siku moja."

Nafula alifungua mdomo. Mama akamfinya paja. Kwetu, mkubwa akiulizwa kuhusu binti, binti hanyanyui sauti, na hakuna mama anayetoa aibu ya nyumba yake mbele ya mgeni.

Afisa akatabasamu. "Mama, umemlea vizuri. Kuna wengine wana shida kubwa zaidi. Tuwape wao kwanza."

Mama akamshukuru kwa mikono miwili.

Tulipofika nje Nafula akauliza, polepole, "Mama, kwani ulikuwa unaniozesha?"

Mama akatangulia kituoni. Tulipanda basi hadi Uthiru.

Tulirudi kule mara kadhaa. Afisa alikuwa amehamishwa, na aliyekuja hakutujua. Tukaambiwa tuanze upya.

Mvua za mwaka uliofuata, Nafula alikatwa goti na kitu akitambaa kwenda chooni. Bati au chupa, hatukujua. Kidonda kidogo. Mama akakifunga kitambaa. Baada ya siku chache taya likakaza, mgongo ukapinda kama upinde. Pepopunda.

Hospitalini daktari aliuliza swali moja tu: alikuwa akitembeaje?

Hapo ndipo mama aliposema yote. Nani humchotea maji. Nani humbeba usiku. Magoti yanavyotoka damu kila kiangazi, na jinsi Nafula huzuia haja mchana kutwa akiogopa njia ya chooni. Aliongea kwa muda mrefu, amesimama, na daktari hakumkatiza.

Nafula alifariki kabla ya jioni.

Sasa wewe uliyeuliza. Kazi ya huyo mtu ni kukaa nanyi nyumbani kabla ya siku ya ofisi, awaulize kuhusu siku yenu mbaya kabisa, kisha aende nanyi asikie mkiisema. Na afisa akihamishwa, yeye awe bado anawajua. Ofisi peke yake itasikia tu kile mtakachoiambia.

Kama una mtu nyumbani na mmeitwa assessment, usimvalishe kama anaenda kuposwa. Mwache aongee mwenyewe.

Waliopitia haya, wazazi hasa, andikeni hapa chini. Mlisema nini siku ile mlipoulizwa?