Tangazo la Khatibu halikuwa jaribio

Akili yangu bado haijakubali, jamani. Na safari hii kosa ni la Khatibu mwenyewe.

Kwa msiomjua: Khatibu wa Shumba, sahibu yangu tangu skuli, ndiye aliyetengeneza tovuti ya matangazo ya kijijini kwao. Saa za bamvua, maji yanapokupwa sana, kwa kinamama wanaolima mwani, mikutano ya skuli, na vifo. Ndugu walioko Unguja na Muscat huitegemea hiyo kujua nani katangulia.

Katuacha Alkhamisi. Aliamka kwa sala ya alfajiri, kifua kikambana, hakufika hospitali.

Mimi nilikuwa mjini Chake, kazini. Saa tatu asubuhi simu ikalia, nikafungua tovuti, nikaona jina lake kwenye matangazo ya vifo.

Nikacheka. Wallahi nilicheka. Nikamtumia ujumbe: "Paneli mpya tena, yakhe?" Nikarudi kwenye kazi zangu.

Ngojeni niwaeleze, msinihukumu kwanza.

Seva ya tovuti ile aliiendesha kwa paneli za bure, zile kurasa zenye vitufe vya kufanyia kila kitu: backup ya kuhifadhi nakala, update, akaunti za watumiaji. Mimi ni mtu wa skrini nyeusi na kuandika amri. Nilimkejeli miaka na miaka. Fundi gani anabonyezabonyeza kama anatafuta stesheni ya redio?

Jibu lake lilikuwa lile lile. "Weye ukifa, hiyo skrini yako nyeusi nani ataisoma?"

Alijaribu paneli nyingi. Moja ilikuwa nzito mno, seva yetu ndogo ikawa inahema. Nyengine ilijiita ya bure, ukigusa kitufe cha backup inakwambia lipia kwanza. Siku ile alifura! "Bure gani hii? Naalikwa harusini halafu nilipie pilau?"

Na interview ya paneli hatukuifanya sisi mafundi. Alibeba laptop mpaka kwa jirani yao Bi Mize, mkulima wa mwani, akamkalisha, akamwambia airudishe tovuti kutoka kwenye backup. Bi Mize akiuliza zaidi ya mara mbili, paneli hiyo imefeli.

Niliona upuuzi mtupu. Mpaka siku nilipoingia na amri zangu "kusafisha" seva, nikafuta folda yenye tovuti nzima. Khatibu yuko safarini, simu haipatikani.

Bi Mize akaacha kufunga mwani wake, akanawa mikono, akabonyeza vitufe viwili. Tovuti ikarudi. "Ushamaliza kucheza, mwanangu?" akaniuliza. Sikuwa na pa kuuficha uso.

Sasa, kila update kubwa lazima uijaribu fomu ya vifo, maana ndiyo inayopeleka ujumbe kwenye simu za watu. Na fomu haikubali bila jina. Mara ya kwanza Khatibu aliandika Fulani bin Fulani. Watu wakapiga simu kuuliza: Fulani yupi, wa Shumba Mjini au wa Shumba Viamboni?

Nikamwambia weka jina lolote. Akakataa katakata. "Simchurii mtoto wa mtu kifo miye. Najiandika mwenyewe."

Ndivyo ilivyokuwa. Anajitangaza kafa, anakunywa chai, anajifuta. Kafa mara nne huyu! Hata ndugu wa Muscat walishamzoea. Mimi nilikuwa namtumia pole ya msiba wake.

Jumatatu aliniambia wiki hii anafanya update. Nyinyi mngefikiri nini?

Waliokuwa Shumba walisikia msikitini. Mimi nilikuwa na simu tu.

Saa nane mchana Bi Mize akapiga. "Mwanangu, mbona hukuja? Tushamzika."

"Bi Mize, si jaribio lile?"

"Nimeliandika miye kwa mkono wangu. Hukuona nimetia saa ya maziko?"

Sikuona. Majaribio ya Khatibu hayajapata kuwa na saa ya maziko. Najisifu kusoma kila herufi kwenye skrini, na hilo nililipita.

Nilifika alasiri, kaburi bado bichi, watu wamekaa kitako msibani. Mama yake alinishika mkono tu. Sikutia bega kwenye jeneza lake, sikumtupia hata konzi ya udongo. Inaniuma, siwafichi. Na ule ujumbe wangu wa kijinga umo kwenye simu yake mpaka leo, haujasomwa.

Baada ya khitma Bi Mize akaniita kwenye laptop. Kumbe Khatibu alishanifungulia akaunti zamani, sikuwahi kuigusa. Vitufe vyote kavitafsiri kwa Kiswahili. Cha kurudisha backup kakiandika "Rudisha kama jana".

Nilikitazama kitufe kile, nikalia mbele za watu.

Jana nimemalizia ile update aliyoiacha. Ikabidi niijaribu fomu. Nikakaa kwenye sehemu ya jina kama dakika nzima. Nikaandika langu.

Bi Mize akapiga hapo hapo. "U mzima weye?"

"Mzima, Bi Mize. Jaribio."

"Alhamdulillahi. Haya futa upesi, mamake Khatibu asione."

Nikafuta. Chini yake likabaki tangazo lako, Khatibu, lenye saa ya maziko.

Seva inafanya kazi. Kinamama wamepata saa zao za bamvua leo asubuhi. Mimi na Bi Mize tunapokezana zamu, na ninabonyeza vitufe, ndiyo, cheka.

Lala kwa utulivu, sahibu yangu. Niwie radhi sikuja kukuzika.

Nilidhani utalifuta.