Dume Nililijua, Baba Mkwe Sikumjua

Siku moja ya mnada naikumbuka vizuri kuliko jana, mwanangu, ingawa wengi waliokuwepo wameshazikwa. Nilikuwa mke kijana, natokea Maretadu, nimeolewa huku Hanang. Nilikuwa na mtoto mmoja, Tluway, ndiyo kwanza ameacha ziwa. Na nilikuwa nimetoka kuugua. Homa ilinipanda kichwani nikawa sisemi wala sisikii, nikalazwa, watu wakakata tamaa. Nikapona. Mkono mzima, mguu mzima, macho mazima. Nikichambua maharage naona kila kijiwe, na sindano natia uzi mwenyewe.

Kitu kimoja tu hakikurudi: sura za watu. Nisikilize vizuri hapa. Pua niliiona, mdomo niliuona, kovu likiwepo niliona kovu. Lakini ni za nani, hilo halikunijia. Kila mtu akawa kama mgeni aliyefika leo. Nyumbani nilijitahidi kwa sauti, kwa mwendo, kwa shuka mtu alilojifunga. Sikumwambia yeyote. Ningesemaje, na mimi mwenyewe sijui nimepatwa na nini?

Basi mnadani watu walijaa, na palipojaa hivyo huamkii kila mzee, unawaamkia wa kwenu. Nikaona dume la ng'ombe limesimama pembeni, lina baka jeupe ubavuni na pembe moja imeinama. Dume la kwetu. Kamba ameishika mzee mmoja amevaa koti refu na kofia. Baba mkwe alikuwa ametoka nyumbani asubuhi na shuka lake jekundu, kichwa wazi. Nikajua huyu ni mwingine, na dume limeibwa.

Nikamwendea. Nikamtazama usoni kabisa, nikamuuliza, "Hili dume la kwetu. Wewe umelitoa wapi?"

Wazee waliosimama naye wakageuka kunitazama. Halafu mmoja akasema, "Huyu bibi harusi wenu anajua ng'ombe. Nasi tujipake mabaka, labda tutapata shikamoo."

Watu wakacheka. Mwenye koti hakucheka. Akasema taratibu, "Umeniita mwizi mbele za watu, Mama Tluway."

Sauti ikanifikia, nikaijua. Alikuwa baba mkwe. Mvua ilimnyeshea njiani, rafiki yake akamwazima koti na kofia. Basi. Ni hilo tu.

Jioni wakakaa kikao. Nikapiga magoti.

"Sikukujua, baba."

"Ulinitazama usoni."

"Nilikutazama. Lakini sikukujua."

Mama mkwe akasema, "Anajua ng'ombe wa zizi zima mmoja mmoja, baba wa mume wake hamjui. Sisi ni watoto wa kudanganywa?" Mume wangu alikuwa anachora chini kwa kijiti. Nilingoja aseme kitu. Mpaka leo nangoja. Nikarudishwa Maretadu na nguo zangu. Tluway akabaki, maana mtoto ni wa kwao.

Nimezeeka na jambo hilo. Nywele zilikuwa zimeshakuwa nyeupe ndipo akaletwa muuguzi kwenye zahanati yetu, binti wa Lindi, mpole. Akaona kila akibadilisha nguo namuuliza yeye ni nani. Hakukasirika. Akaniuliza maswali, akasema, "Bibi, jicho kazi yake ni kuleta tu. Anayesema hiki ni nini, huyu ni nani, ni ubongo. Na huko ndani kazi zimegawanywa: pengine panashika sauti, pengine vitu, pengine sura. Naona homa iliharibu pale pa sura. Haukuwa ukaidi."

Nikamwambia, hayo ungekuja kuwaambia wale wazee. Akauliza wako wapi. Nikasema makaburini.

Akanieleza na lingine, na hili ndilo linaniuma zaidi. Alisema hata ubongo mzima haungoji kuletewa yote. Unaletewa kidogo, mengine unajazia kwa yale uliyozoea, kisha unakuambia umeona. Nikafikiri sana. Macho ya wale wazee yalileta mwanamke anayeuliza habari za dume. Dharau hawakuiona popote. Waliijazia wenyewe, wakaapa wameiona. Mimi nilikuwa mgonjwa. Wao walikuwa na sababu gani?

Tluway alikuja mara moja tu. Nilikuwa naanika mahindi, mwanamume mrefu akasimama mlangoni, ananitazama tu. Nadhani alilelewa akiambiwa mama yake hana moyo, akataka kuona kama nitamjua bila kuambiwa. Nikamwambia, "Karibu, baba. Unamtafuta nani hapa?" Akarudi nyuma hatua moja. Kisha akasema, "Nimekosea nyumba." Sauti ya mtoto niliyoiacha haikuwa hiyo. Akaondoka. Jirani ndiye aliyekuja mbio kuniuliza kwa nini mwanangu nimemwacha aende, na kidevu ni changu kitupu. Nikakimbilia barabarani. Watu walikuwa wengi wanapita, na kwangu wote walikuwa sawa.

Hajarudi.

Kwa hiyo, mwanangu, nakuambia bila kupamba. Mtu akikupita bila salamu, usiseme ana kiburi. Sema amepita, maana hicho tu ndicho ulichoona. Halafu mwite, umtajie jina lako, hata kama wewe ni mkubwa na heshima ni yako. Jina halitakupunguza. Ukiwa kwenye kikao na mtu analia kwamba hakujua, muulize tena kabla hujamtoa mtoto wake mikononi. Na ukiwa mume, usichore chini. Sema.

Nawe ukipatwa na kitu kichwani usichokijua, usikifiche kwa aibu kama nilivyofundishwa kuficha. Nenda zahanati, useme hata kwa maneno mabovu.

Mungu akulindie macho, na akulindie zaidi kile kilicho nyuma ya macho. Akupe mke au mume mwenye mdomo. Watoto wako wakukute hai. Na ukikutana na Tluway huko uendako, umwambie mama yake hakumkataa. Akija tena asisimame kimya. Aseme ni yeye.