Uzi Mwekundu kwenye Kola

Jumamosi, saa moja kasoro robo asubuhi, pasi ya mkaa imeshawaka. Mama Povu anaipunga hewani mara mbili tatu ili mkaa ushike moto, kisha anadondosha tone la maji kwenye kitako chake. Tone linaruka, linapiga kelele, linatoweka. "Imeiva," anasema, na shati la kwanza linalazwa mezani.

Chumba chake ni kimoja, pazia limekigawa: mbele kazi, nyuma kitanda. Kwa siku hupitisha nguo arobaini. Shule zikikaribia kufunguliwa, sitini. Ngozi ya vidole vyake imechubuka kwa sabuni, lakini ulimi wake uko salama salimini.

"Mume wangu alifariki akaniachia watoto watatu na beseni moja," anasimulia dobi huyu. "Nikamwambia Mungu, Baba, mimi sina mwingine. Mwaka wa kumi na moja huu. Kuna siku naamka sina hata kipande cha sabuni, na chai haijachemka mtu anabisha hodi na furushi. Hajanitupa hata mara moja. Sasa mimi nimtupe nani?"

Wa kujibu swali hilo yuko papo hapo uani, anasuuza mashuka: mwanamke mrefu ambaye mtaa mzima humwita Kasuku. Zamani alikuwa na udobi wake jirani, na ndiye aliyeeneza kwamba Mama Povu hufua nguo za wateja na mashuka ya wagonjwa katika maji mamoja. Nusu ya wateja walihama.

"Nilisema, sikatai," Kasuku anadakia. "Mdomo huu ndio ulionikosesha."

"Ungeuloweka na wenyewe," Mama Povu anamjibu, na wote wawili wanaangua kicheko.

Biashara ya Kasuku ilipokufa, alikuja kuomba kibarua. Watoto wake wawili walikuwa wanalala na uji tu. Mama Povu alimpa mwezi mmoja wa majaribio. Majirani wakasema mjane wa watu ameishiwa akili.

Wiki ya tatu, kwaya ya kanisa lao ilileta majoho ishirini na mawili ya zambarau, pamba tupu, ya kuvaliwa Jumapili kwenye uimbaji wa makanisa sita. Mama Povu akatia uzi mwekundu kwenye kila kola, alama yake kwa nguo isiyotakiwa kuguswa na dawa ya madoa, kisha akaenda kupeleka mizigo ya watu.

Lakini kwenye udobi wa Kasuku, uzi mwekundu ulikuwa na maana nyingine: hii ina doa, itie dawa. Naye akaitia, tena kwa bidii.

"Nilirudi nikakuta majoho manne yana mabaka kama ng'ombe," anasema Mama Povu. "Na mwenzangu ameshafunga kitambaa kichwani, anaondoka."

"Dada, usijisumbue kunifukuza," Kasuku alimwambia. "Najiondokea mwenyewe."

"Kwanza niambie, dawa ulitia ya nini?"

"Si wewe uliyeweka uzi mwekundu?"

Mama Povu anakumbuka alivyoketi chini palepale. "Mimi sikumwambia uzi wangu unasema nini, na yeye hakuuliza. Lile kosa lilikuwa la wawili."

Mwalimu wa kwaya hakuona hivyo. Alifika akiwaka. "Mfukuze! Alikuchafulia jina, leo kakuchafulia majoho!"

"Mwalimu, wewe unatuimbisha kila Jumapili kwamba Bwana ni mwaminifu," Mama Povu alimjibu. "Mimi amekuwa mwaminifu kwangu nikipatia na nikikosea. Nimekula kwenye mkono huo miaka yote hii, halafu nimfungie mlango huyu? Tutafute dawa ya majoho. Mtu haondoki."

Mwalimu akajibwaga juu ya ndoo kubwa ya kulowekea iliyofunikwa. Mfuniko ukazama, naye akazama nao hadi kiunoni kwenye maji ya sabuni. Alipovutwa kutoka alikuwa anacheka mwenyewe.

Hapo ndipo Kasuku alipofungua mdomo. "Tuyatie dawa yote, kwa kipimo kimoja, mpaka yapauke sawasawa." Kazi hiyo aliijua kuliko wote. Mwalimu akaridhia. Hapakuwa na saa ya kutegemea, basi kila fungu la majoho lilikaa kwenye dawa kwa urefu wa wimbo mmoja wenye beti nne, Mwalimu akiongoza, suruali ikimdondoka maji.

Jumapili kwaya ilisimama na zambarau changa ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Kwaya mbili ziliuliza kitambaa kile kinauzwa wapi.

Mwezi wa majaribio ulikwisha jana, na asubuhi nzima Kasuku amesuuza bila kuuliza lolote. Sasa Mama Povu anaweka pasi pembeni. Jumanne, anasema, mchoraji atakuja kuandika kibao cha mlangoni, cha kwanza tangu aanze kazi. Anataka kiandikwe: Povu na Kasuku, Madobi.

Kasuku anaacha kusuuza. "Na jina langu?"

"Na lako. Na wewe ukimwona mwenye shida kama tulizoziona sisi, umlete, tumfundishe. Nafasi ipo."

Kasuku anashika kilicho karibu, shati jeupe la mteja, anafutia macho na pua.

"Hilo," anasema Mama Povu, "utalifua upya."