Boriti za Nyumba ya Ziada

Mzee Likwata wa Kinjumbi alikuwa mkata boriti, na kipimo chake kilikuwa mkono wake mwenyewe. Bintiye Ziada, aliyeolewa Mombasa, alipoandika kwamba wanajenga, mzee alimjibu: inueni kuta, chumba kiwe dhiraa sita za mkono wangu, paa niachieni mimi. Akamtumia na uzi wa urefu huo, kuta zikainuka kwa kuufuata uzi.

Boriti arobaini zikakatwa mikokoni, zikalazwa kivulini kungoja chombo. Mwaka ulikuwa wa sabini na saba. Ndipo Nahodha Nassibu, mwenye chombo hicho, alipokuja kwa miguu.

"Safari hakuna, mzee. Jumuiya imevunjika, mpaka umefungwa."

"Umefungwa baharini? Kwa kamba gani?"

"Nami nimesikia redioni tu."

Likwata hakuelewa. Toka enzi za Mwingereza boriti zilikwenda Mombasa kama mtu aendavyo kwa jirani kuomba moto. Baada ya uhuru aliambiwa nchi tatu ni ndugu. Sasa ndugu wamegombana, na yeye hakumsikia aliyemtukana mwenzake.

"Watafungua lini, baba Ziada?" mkewe Mwahija aliuliza.

"Nitajuaje? Hata walichofungia sikijui."

Miezi ikapita, boriti zikaanza kupasuka ncha. Barua ya Ziada ikafika: mvua zinakula kuta. Tungoje, baba, au tusingoje?

Siku ile ile akaja Ahmadi, mwenyekiti wa kijiji.

"Shikamoo, mzee. Tunajenga zahanati. Hizo boriti unazifuga zizae?"

"Marahaba. Ni za mwanangu."

"Mwanao yuko ng'ambo ya mpaka, wagonjwa wako hapa. Tutazipunguza dhiraa moja tu, chumba chetu ni cha dhiraa tano."

Likwata akazitazama zile boriti. Kumnyima mgonjwa hakuweza. Kuona msumeno ukipita kwenye boriti za Ziada hakuweza vilevile.

"Msingi mmeshachimba?"

"Kesho."

"Basi chimbeni wa dhiraa sita. Msikate hata moja."

Ahmadi akacheka mpaka akashika kiuno, lakini akakubali.

Likwata akachukua kalamu. Akaandika: Msingoje, mwanangu. Tafuteni boriti za Lamu. Zikiwa fupi, bomoeni ukuta mmoja muusogeze ndani. Alitaka kumweleza na sababu ya mpaka kufungwa. Mwisho akaongeza: Sababu sijaipata bado. Nikiipata nitakuandikia.